Nekesa wa Silanga na Mpango wa Maisha Yote

Tangu Jumamosi nasoma ile message ya group na bado naona kama wamekosea jina. Nekesa wetu? Si Ijumaa tu tulikuwa kwa simu, akinicheka vile nimenenepa tangu nihamie Kawangware?

Ni kweli, watu wangu. Presha imemchukua akiwa hospitalini, usingizini. Binti yake Sharon alikuwa kando yake na anasema hakuteseka.

Kwa wenye hawakumjua: Nekesa aliuza sukuma wiki pale Silanga, Kibera, na pia alikuwa CHP, wale wahudumu wa afya wanaotembea nyumba kwa nyumba. Nilimjua kupitia kakangu Odhis.

Odhis ni fundi wa kuchomelea mageti. Miaka fulani hapo nyuma alianza kusikia sauti. Majirani zetu wa kijiji cha Raila, hapo hapo Kibera, wakasema amerogwa. Mama akawa anamfungia kwa nyumba akienda kufua nguo za watu mtaa wa Ayany, na njia yote anaenda akilia.

Siku moja nikapata mwanamke nisiyemjua ameketi nje ya huo mlango, juu ya mtungi uliopinduliwa, akiongea na Odhis kupitia mwanya wa mabati. Hakuwa anamwambia habari za ugonjwa. Alikuwa anamuuliza geti likikwama linarekebishwa aje. Na Odhis, aliyekuwa hasemi na mtu, alikuwa anamweleza polepole, hatua kwa hatua. Huyo ndiye Nekesa.

Akampeleka kliniki. Wakati huo kulikuwa na nesi wa magonjwa ya akili aliyekuja kila Jumatano, ameletwa na project fulani. Odhis akaanza dawa. Sauti zikapungua, akaanza kulala, akaanza kuoga bila kuambiwa.

Alipopata nguvu, Nekesa akamweka kwa kibanda chake, akampa kisu akate sukuma. Nakumbuka vile wateja walirudi nyuma. Mama mmoja akamuuliza Nekesa kama haogopi.

"Naogopa," akasema, "vile anakata nene. Odhis, punguza."

Wa kwanza kucheka alikuwa Odhis.

Halafu project ikaisha. Nesi akaaga watu vizuri, dawa ikakatika, na kabla mvua iishe sauti zilikuwa zimerudi. Mama akatafuta kufuli tena. Sijui hata nilaumu nani. Ni vile tu hakuna mtu alikuwa amepanga kesho.

Nekesa akaulizia huku na huku mpaka akapata dawa hospitali ya mbali, akawa anampeleka Odhis mwenyewe. Lakini haikumtosha. Aliniambia anaweza kumshika Odhis mkono, lakini hana mikono ya kushika Kibera yote. Na yeye akifa, je? Ndio tukaenda public participation ya bajeti, ule mkutano kaunti inauliza wananchi pesa ziende wapi.

Hiyo siku siwezi kuisahau. Ukumbi umejaa, nusu yao wateja wake. Kijana wa kaunti akatueleza kwa heshima kwamba wanatafuta project nyingine. Nekesa akasimama. Nilidhani ataongea juu ya Odhis.

Akaongea juu yake mwenyewe. Kwamba alipojifungua Sharon akili yake ilivurugika, akawa hamtambui mtoto wake. Kwamba alipelekwa kwao Bungoma, na akapona kwa bahati tu, kwa sababu mamake hakumwacha. Silanga yote hakuna mtu aliyejua. Hata mimi.

Halafu akasema, bila kupaza sauti: "Barabara mnaipangia miaka mingi mbele. Akili zetu mnazipangia mpaka project iishe. Huu ugonjwa wengine wetu tutaishi nao mpaka uzeeni. Tupangieni mpaka uzeeni, na si Kibera peke yake, nchi yote."

Kuna wateja waliacha kununua kwake. Nilimuuliza kama anajuta, akasema sukuma itauzwa tu. Na ikauzwa. Wengi walirudi, na wengine walirudi na mambo ya watoto wao, wakimnong'onezea huku wakichagua nyanya.

Kila msimu wa bajeti tulikuwa pale, yeye mbele, wagonjwa na familia zetu nyuma yake. Walituchoka, wakatuzoea, mwishowe wakatusikiliza. Nesi akaajiriwa kazi ya kudumu. Dawa za akili zikaingizwa kwa zile zinazoagizwa kila wakati, kama za presha na sukari.

Tulikula chapati kwake siku hiyo. Hata hatujamaliza chai, akaanza: "Na huko Kawangware, Auma, nani anapanga?" Sasa mnajua kwa nini huwa nasimama kwa kila mkutano wa huku. Bado hatujapata, na nchi nzima bado iko mbali. Lakini najua inawezekana, nimeona kwa macho yangu.

Odhis siku hizi ana karakana yake, hapa karibu na salon yangu. Anameza dawa, anaenda kanisa, anachelewesha mageti ya watu kama fundi mwingine yeyote. Jeneza la Nekesa watalibeba yeye na wagonjwa wenzake wa kliniki. Ameomba mwenyewe.

Jana ilikuwa siku ya kliniki kule Kibera. Nilienda nikijua watakuwa wamefunga kwa sababu ya msiba. Nikapata mlango wazi. Nesi macho mekundu, lakini anaita majina. Watu kwa benchi, dawa kwa kabati. Kijana mmoja mgeni aliingia na babake, akahudumiwa, akatoka, na hakuna mahali alihitaji kumjua Nekesa ndio asaidiwe.

Nilisimama hapo nje nikalia, na moyo wangu ukatulia.

Nekesa, dada yangu, wafuate wa kwenu waliotangulia Bungoma kwa amani. Umeondoka na kazi haijasimama. Lala vizuri, mama Sharon. Tumeamka sisi.