Wifi Hakunyonya: Aibu ya Mnukuzi na Antena Mbili

Saa tatu asubuhi, fundi wa kompyuta amelala kifudifudi chini ya meza, miguu yake imetokeza hadi mlangoni. Mama mwenye kompyuta amesimama karibu naye akimmulikia kwa tochi ya simu, vipokea sauti vikiwa bado vinaning'inia shingoni. Kazi yake ni unukuzi: husikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuandika kila neno kama lilivyosemwa.

"Antena zake ziko wapi?" fundi anauliza kutoka huko chini.

"Antena zipi?"

Fundi anajivuta nje na kumwonyesha mgongo wa kompyuta. Kuna vitundu viwili vya kukazia antena, na vyote viko wazi. Mama huyu anavitazama kwa muda, anakwenda jikoni, anavuta droo ya vijiko, kisha anarudi na vijiti viwili vyeusi. Havitoi kwa furaha. Anavitoa kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi mfukoni.

Alivifungua kwa mkono wake mwenyewe walipohamia nyumba hii, visije vikavunjika njiani. Mumewe aliwahi kuviona kwenye droo akauliza ni vya nini, naye akamjibu kwamba labda ni vya ile redio ya zamani.

Fundi naye hakuanza vizuri. Alipofika aliishusha ruta, kile kisanduku kinachorusha mtandao, kutoka juu ya kabati, akaizima, akaiwasha, akabadilisha mipangilio, na mtandao ukaendelea kukatika vilevile. Ndipo akamwambia mama afungue ukurasa uleule kwa simu, hapohapo mezani. Simu ikafungua mara moja, kompyuta ikabaki inazunguka. Fundi akasema ruta haina kosa, akaingia chini ya meza.

Sasa anakaza antena na kuisogeza kompyuta kutoka nyuma ya kabati la chuma. Faili iliyogoma tangu alfajiri inapanda mtandaoni kabla chai haijapoa. Mwingine angepiga vigelegele. Mama huyu anakaa sakafuni na kujifunika uso kwa viganja, hadi fundi, akidhani ni machozi ya bei, anaahidi kumpunguzia.

"Silii hela, fundi," anamwambia. "Nimemsingizia mtu."

Aliyesingiziwa ni wifi yake, dada wa mumewe, mpishi wa shule anayeishi mlango wa pili. Kiswahili nacho kina utani wake, maana mtandao wa nyumbani siku hizi nao tunauita wifi. Mwanzoni familia nzima ilicheka: mama akilalamika kwamba wifi anamsumbua, mumewe aliuliza ni yule wa ruta au yule wa ukoo.

Kicheko kiliisha kazi ilipoanza kupotea. Mnukuzi huyu hulipwa kwa dakika za sauti anazomaliza, na faili zikichelewa wateja hawangoji. Mmoja aliyekuwa akimpa karibu nusu ya kazi zake alihama bila hata kuaga. Mama akatafuta mchawi, na hakwenda mbali. Wifi alikuwa na nywila, aliyopewa na kaka yake, na watoto wake walipenda filamu, ambazo hunyonya mtandao.

"Nilibadilisha nywila, mtandao ukaendelea kukatika," anasimulia, macho yakiwa kwenye kibodi. "Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema mume wangu amempa dada yake nywila mpya kwa siri."

Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo anapolisema hupunguza sauti. Aliubadilisha mtandao wake jina. Kila mwenye simu katika jengo lile, akitafuta mtandao, alikutana na maneno haya: WIFI ANANYONYA.

Jengo zima lilisoma. Wifi alisomewa na mwanawe wa kiume, kwa sauti, mbele ya wageni.

Huyu ndiye wifi aliyemkanda kwa maji ya moto alipojifungua, aliyekuwa akiingia kwake bila hodi, akifunua sufuria na kuuliza mbona chumvi kidogo. Baada ya jina lile hakugomba. Alianza kubisha hodi. Baadaye hata hodi ikakoma, akawa anamtuma mtoto.

"Na mimi kila asubuhi nilimwamkia kwenye ngazi, 'Wifi, umeamkaje?'" anasema. "Naye aliitikia. Nilikuwa namwamkia, na tusi langu liko hewani."

Fundi alipoondoka, mama alifuta jina lile, akavuka ukumbi hadi mlangoni kwa wifi yake. Njiani alijitungia uongo mdogo. Angesema alikosea herufi, kwamba alitaka kuandika "inanyonya," maana alikuwa akiulalamikia mtandao, si mtu.

Wifi alimsikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa bado na unga. Kisha akamjibu kwa upole, na mama anasema afadhali angempiga kofi.

"Wifi, wewe unalipwa kuandika maneno kama yalivyosemwa," alimwambia. "Hapo hukukosea."

Mama aliomba radhi, safari hii bila herufi za kusingizia. Wifi alisema amesikia, akarudi kwenye unga wake. Mlango haukufungwa kwa kishindo, lakini ulifungwa.

Kazi imerudi. Yule mteja aliyehama ametuma sauti za mikutano miwili, na mtandao haujakatika tena. Mama anakiri kwamba hilo halimpi raha aliyoitarajia. Kila faili inapopanda bila kusita, anasema, ni kama inamsuta.

Jumapili ukoo hukutana kwa mama mkwe, na majirani wawili watatu wa jengo hawakosi. Hapo ndipo amepanga kusimama na kueleza habari ya antena, droo ya vijiko na jina aliloandika, mbele ya walewale waliolisoma. Mumewe amemshauri atume ujumbe tu kwenye kundi la familia, yaishe kimyakimya. Amekataa.

"Nataka siku moja aingie tena kwangu bila hodi, anisimange kwa chumvi," anasema. "Nitasema kwa mdomo, wanitazame usoni. Kuandika nilishaandika."