Shangazi wa Behewa la Tatu

Asubuhi hiyo mumewe, fundi cherehani, alikaza kifungo cha juu cha sare yake kwa uzi maradufu, akasema bila kuinua macho, "Mama watoto, miguu ikigoma leo, rudisha hii nguo kazini. Tutakula nitakachoshona."

Mwanamke huyo alikuwa mlinzi wa treni za abiria. Mwezi uliopita mlevi alimchana shavu kwa kipande cha chupa, na leo ndiyo alikuwa anarudi kazini. Walimpa redio mpya ya kuitia wenzake. Lakini silaha yake ilikuwa ile ya zamani: undugu. Akimwona msichana anasumbuliwa, alimwita mtoto wa kaka, akamuuliza habari za nyumbani, akamhamisha kiti kama mambo ya familia tu. Msumbufu akabaki ameshika hewa.

Alasiri, behewa la tatu lilikuwa kimya kibaya. Kila mtu aliikodolea macho simu yake. Dirishani, mwanafunzi wa sekondari alikumbatia mkoba. Pembeni yake mwanamume mpana alikuwa amemzibia njia kwa magoti, anamchezea msuko mmoja wa nywele.

"Nakuuliza jina tu, mrembo. Jina linauma?"

Miguu ya mlinzi ikafa ganzi. Alishika bomba la juu. Shavu likampwita. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikitangulia, na miguu ikaifuata.

"Ee, mtoto wa kaka! Nakutafuta treni nzima, kumbe umejificha huku?"

Msichana akalitazama lile kovu. "Mimi sikujui. Baba yangu hana dada."

Mwanamume akacheka mpaka kiti kikatikisika. "Shangazi wa kujipachika! Hilo shavu ulilipata kwa kuokota ndugu?"

Mlinzi hakuwa amewahi kukanwa.

"We mtoto!" Mama mmoja mwenye beseni la nyanya akadakia kutoka nyuma. "Wakubwa wamegombana, wewe unaubeba ugomvi wa nini? Msalimie shangazi yako!"

Mzee mwenye miwani akateremsha simu. "Na mimi babu yake mdogo, sijasalimiwa tangu nipande."

"Bwana, sogeza magoti," kijana akasema mlangoni. "Ukoo unapita."

Watu wakacheka, lakini magoti hayakusogea. Mlinzi akabonyeza redio, akataja behewa na kituo kinachofuata. Msichana akamtazama tena, safari hii machoni. Mkono wake ukavuka juu ya yale magoti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo."

Mwanamume akageuka huku na huku. Hakukuwa na jicho lililobaki kwenye simu. Polepole akavuta magoti.

"Hiyo sura nitaikumbuka," akanong'ona.

"Ikumbuke vizuri. Ina alama, huwezi kupotea."

Mlinzi akasimama kati yao mpaka kituoni, ambako wenzake wawili walimteremsha yule bwana. Msichana alikuwa bado amemshika mkono.

"Shangazi, unatetemeka."

"Ni treni hiyo."

Treni ilikuwa imesimama.

Simu yake ikaita. Mumewe hakusalimia. "Vipi, miguu?"

"Baba watoto, uzi wa asubuhi umebaki? Kifungo cha pili nacho kimelegea."