Kahawa Mbivu ya Shosho Nyambura

Kama hujawahi kupita karibu na kiwanda cha kahawa wakati wa mavuno, hujui harufu ya maganda yanayochacha. Ni kali, inakwama kooni. Juzi ilinipata kwenye barabara ya Othaya nikajikuta nalia, mtu mzima na kilemba changu, na abiria wenzangu wakageuza macho kwa adabu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mluhya aliyehamishiwa kwenye vilima vya Othaya. Tulipanga nyumba kwa Shosho Nyambura, bibi mjane mwenye shamba dogo la mibuni aliyoipanda na marehemu mumewe. Jumamosi nilimsaidia kuchuma. Kiwandani kila mkulima humwaga kahawa yake juu ya gunia na kuichambua kabla haijapimwa, nyekundu zilizoiva huku, za kijani kule, na karani asiporidhika humrudisha mtu achambue upya mbele ya watu. Shosho hakurudishwa hata siku moja. Alichambua kwanza nyumbani, akifika kule akachambua tena, mpaka magoti yangu yakafa ganzi.

"Iko mtu huko mbali atakunywa hii," aliniambia. "Siwezi mpea kitu mbaya."

Yeye mwenyewe hakuwahi kuionja. Alikunywa chai ya maziwa, kama sisi sote.

Baba naye alikuwa na ugonjwa wa vitabu. Wakati wa kula alitueleza ubepari na ubeberu, na Mama alisema hajaona bepari aliyemtesa kama ugali uliopozwa na hotuba. Jumamosi moja Baba alitukuta uani tukichambua. Akachuchumaa, akachora mchangani duara kubwa, na jingine dogo ndani yake.

"Shosho, hawa wa katikati ndio wanapanga bei. Sisi wa pembeni tunatoa jasho, faida inabaki kwao. Hata ukichambua namna gani, huyo anayekunywa hajui kama uko."

"Ata jina yangu hajui?"

"Hajui. Kahawa yako inachanganywa na ya kila mtu."

Shosho aliyatazama yale maduara. "Sasa tutafanya nini, Mwarimu?"

"Tuungane, sisi na wafanyakazi wa huko kwao pia."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," Mama alisema akianika nguo. Baba alicheka. Shosho hakucheka. Alizikusanya za kijani kwa viganja vyake viwili, akazirudisha kati ya zile nyekundu, akafunga gunia. Mimi nilifurahi sana, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha mapema nami ningeenda kuruka kamba.

Jumatatu yake karani alimrudisha. Alikaa kando ya gunia lake bila kugusa kitu, na majirani wakajifanya hawaoni. Kabla ya mvua za masika alikuwa ameikata mibuni yote kwa panga akapanda mahindi, ambayo baridi ya kule haikuyapenda. Tangu hapo alikuwa anashinda barazani. Nikimsalimu ananionyesha viganja na kuniita msichana kwa lugha yake. "Ona, kairitu. Haina kazi." Nilidhani anafurahia kupumzika.

Alifariki kabla hatujahamishwa. Baba alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na baada ya mazishi alivitia vile vitabu ndani ya katoni. Sikumsikia tena akitaja ubepari, na ugali wetu ukawa unaliwa moto, kimya.

Baadaye nilisoma chuo kikuu na kukuta kwamba Baba hakukosea hata neno moja. Hilo ndilo linaloniuma. Nilimwona mkosaji kwa miaka mingi, na ingekuwa rahisi kama angekuwa amedanganya. Lakini Shosho alijua siku zote kwamba ananyonywa. Ni nani katika vilima vile asiyejua? Wanunuzi walikuwa wamechukua kahawa yake maisha yake yote, wala hawakuweza kumnyang'anya fahari ya kuichambua. Hiyo ilichukuliwa na baba yangu, aliyempenda kama mama yake mzazi.