Rozari Iliyokatika Kwa Dada Wawili

Mama yangu alikuwa akitengeneza rozari zilizokatika. Wanawake wa parokia walizileta nyumbani kwetu Nyalukemba baada ya misa, zimefungwa ndani ya leso, naye alizipanga mezani chini ya dirisha. Nilipofika umri wa miaka saba aliniachia koleo ndogo. Tangu hapo mikono yangu haikutulia. Shanga, vifungo, waya wa redio mbovu, mbegu za kijivu zinazoota mabondeni penye maji: chochote chenye tundu nilikitia uzi.

Nilikua, nikawa mwalimu wa darasa la tatu, lakini jioni nilirudi kwenye meza ile. Hereni nilizotengeneza niliwapa marafiki bure. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu angeweza kuishi kwa kazi hiyo.

Jumamosi moja, mvua ikinyesha, alikuja mwanamke kutoka Minova. Alifungua leso yake taratibu. Ndani mlikuwa na kipande cha rozari ya mbao. Shanga nyingi zilikuwa zimepotea.

"Chapelet ya maman yangu," alisema. "Alikufa. Sitaki muirudishe vile ilikuwa. Muifanye kikomo, bangili ya kuvaa ku mukono."

Mama yangu aliweka miwani chini. "Chapelet haiko bijou, haiko pambo, mwanangu. Ni ya kusali."

Mwanamke aliangalia vidole vyake tu. "Sina picha yake hata moja, maman. Niko nataka nikifua nguo, nimuone."

Nilitaka kusema neno la kumsaidia, ila nilimuogopa mama yangu. Katika mambo ya dini hakuwa na mchezo. Yeye alikivuta kile kipande karibu, akaanza kuhesabu shanga kwa kidole gumba, midomo ikichezacheza. Alipomaliza aliuliza, "Muko watoto wangapi?"

"Mimi na dada yangu."

"Zinabaki makumi mbili." Kisha akanigeukia. "Fanya vikomo viwili. Kila kimoja uweke shanga kumi kamili, usipunguze hata moja. Watavaa, na watasali."

Nilifanya kazi siku ile nzima. Mbao ilikuwa imelainishwa na vidole vya marehemu hadi ikang'aa, nami niliogopa kuikwaruza. Kati ya shanga na shanga nilitia mbegu moja ya kijivu ili kikomo kitoshe kuzunguka kifundo cha mkono. Mwanamke alipokivaa alikigusa shavuni, akakiacha hapo kwa muda. Mama yangu aliinuka kwenda kuchochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

Yule mwanamke wa Minova ndiye aliyenifungulia njia. Alivaa kikomo chake sokoni kila siku, na wenzake wakamuuliza kilitoka wapi. Walianza kuja wawili wawili, kila mmoja na kitu chake: vifungo vya koti la baba, ufunguo wa nyumba iliyouzwa, shanga za kiunoni za bibi. Wengine hawakuwa na kitu, walitaka tu hereni nzuri za kuvaa kwenye harusi. Si kila kitu kilinyooka. Waya niliotumia mwanzoni uliwavimbisha masikio wateja watatu, nami nililia kwa aibu. Mama alijifunga kitenge, akanishika mkono, tukapita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha na kubadilisha ndoano za hereni zao. Mmoja wao alitupikia chai.

Mwisho wa mwaka wa shule niliwaaga wanafunzi wangu, nikaacha ualimu. 

Sasa sebule yetu ndiyo karakana. Macho ya mama yamefifia, lakini yeye ndiye anayewapokea wageni, na hakuna mkufu unaotoka kabla hajaupitisha vidoleni. Mwezi uliopita alikuja bibi harusi mtarajiwa kutoka Luhwindja, akachagua mkufu wa mbegu na vipande vya pembe ya ng'ombe. Mama alicheka.

"Kwenu si kuko dhahabu? Unakuja kutafuta mbegu huku?"

"Dhahabu tunachimba tu, maman," msichana alijibu. "Tunaionaka vile iko inaenda kwa wengine."

Mama hakucheka tena. Alimwambia ageuke, akamfungia mkufu mwenyewe, akipapasa shingo yake hadi alipoona umekaa vizuri, katikati kabisa.

"Huu hauende," alisema. "Huu ni wako."