Amekula!

Hadjara, muuza mawese, amemzoea jirani yake wa soko la Rumonge, yule mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani. Simu haimtoki sikioni. Kidole kinachoibonyeza kinang'aa magamba, na midomo inarudia polepole kila anachosikia. Ni kundi la WhatsApp la wanaouguza wagonjwa wa kansa, sauti za Bujumbura, Uvira mpaka Kigoma. Yeye husikiliza tu, kisha akienda nyumbani hunawa kwa ndimu mpaka viwikoni, maana tangu dada yake aanze dawa za kansa, harufu ya samaki humtapisha.

Leo mwanaume wa Uvira amelia kundini: mke wake hagusi chakula. Mama wa ndagala akaruka, kopo la kupimia likaanguka chini, na kwa mara ya kwanza akasema, tena kwa kelele: "Kaka, chakula kipoe kwanza! Harufu ya chakula cha moto ndiyo inamuchefua!"

Mchana simu ikalia. Akasikiliza, akapiga vigelegele.

"Amekula! Anaomba ingine!"

"Dada yako?" Hadjara akauliza.

"Bibi ya ule mutu wa Uvira! Simujui hata jina!" Akamkumbatia Hadjara, magamba na yote.