Mashine Iliyonunuliwa kwa Wivu

Mtu akikwambia kwamba wivu ni ugonjwa wa vijana, mpeleke Lipangalala akamwone Marselino. Kichwa kimejaa mvi, binti yake Frida anasoma bweni huko Mahenge, na karakana yake inajulikana na kila mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara. Lakini mkewe akicheka na simu sikioni, mzee mzima anasahau hata kipimo alichokuwa anakisoma.

Mkewe ni Balbina, na Balbina si mke wa kuleta chai karakanani na kurudi jikoni. Alipoolewa hakujua hata spana namba ngapi inafungua nini. Marselino ndiye aliyemsimamisha mbele ya mashine ya kukereza, akamfundisha kusikiliza chuma kinavyolia kinapokatwa vizuri na kinavyolia kinapoumizwa. Siku Balbina alipotoa shafti yake ya kwanza iliyonyooka, alicheka kicheko kirefu cha kutoka tumboni, na Marselino akakipokea kicheko kile kama mali yake, kama vile ameandikiwa hati. Miaka ikapita. Balbina akaenda kujifunza kuchora kwa kompyuta, akarudi anachora vipuri ambavyo mumewe, mwalimu wake wa kwanza, alikuwa anavikadiria kwa macho tu. Mwanafunzi akimpita mwalimu watu husema ni jambo la kujivunia, na Marselino alijivunia kweli, mbele ya watu.

Habari ya mashine mpya ilianzia kwenye pampu. Wakulima wa bondeni wanavuta maji mtoni kumwagilia mpunga, na maji ya mto yana mchanga. Mchanga unakula impela, lile gurudumu la ndani ya pampu lenye mapanga yaliyopinda, linalosukuma maji. Ikiisha, mtu anaagiza nyingine Dar es Salaam, na mpaka ifike, majaruba yameshapasuka kwa ukame. Balbina aliichukua moja iliyoliwa, akaipima, akaichora upya kwenye kompyuta kama ilivyokuwa ilipokuwa mpya. Kisha akasema, "Baba Frida, hii tunaiweza. Ila si kwa mashine hizi tulizonazo."

Alisema kweli. Mapanga ya impela yanajipinda huku yanapanda, na hakuna mashine ya kukereza inayoweza kuufuata mpindo ule. Ilitakiwa mashine ya CNC ya mihimili mitano, inayoongozwa na kompyuta, ambayo kisu chake kinakwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, na juu ya hayo kipande kinainamishwa na kuzungushwa. Mpya hawakuweza hata kuiota. Iliyokwisha kutumika walikuwa wanaiweza, kama Balbina angeuza shamba la Michenga aliloachiwa na mama yake. Akaliuza. Lilikuwa shamba lake, si la Marselino, na hilo tafadhali ulishike. Shamba haliuzwi mara mbili, kwa hiyo na nafasi ya kuchagua mashine ilikuwa hiyo moja.

Wauzaji waliopatikana Dar walikuwa wawili, na mashine zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa kijana mmoja aitwaye Emanuel. Ya pili ilikuwa kwa kampuni ndogo yenye fundi mzee aitwaye Seni, mtu asiyependa simu, ambaye ukimuuliza swali leo anajibu keshokutwa kwa neno moja. Mwanzoni mume na mke walichagua kama watu wenye akili zao. Walikaa kibarazani na picha za mashine zote mbili, wakaulizana meza ipi inabeba mzigo gani, paa la karakana litatosha, vipuri vinapatikana wapi, nani atakuja kufundisha. Marselino alisema sakafu ya zamani itapasuka, na wote wawili wakashika sururu wakaichimbua, wakamwaga zege nene upya. Zilikuwa siku nzuri zile.

Kilichoziharibu ni chungwa. Balbina alikuwa hajaelewa vizuri tofauti ya mashine hizi mbili, maana zote ziliandikwa mihimili mitano, akamuuliza Emanuel. Emanuel akamtumia ujumbe wa sauti, nao ukasikika karakana nzima. "Dada Balbina, umeshaona muuza machungwa anavyomenya? Kisu kinakwenda na chungwa linageuka, vyote kwa pamoja, ganda linatoka refu bila kukatika. Hiyo ndiyo mashine yangu, mihimili yote mitano inacheza kwa wakati mmoja. Ile nyingine inageuza chungwa, inasimama, inakata kidogo. Inageuza tena, inasimama, inakata. Chungwa litamenyeka, sikatai, ila litakuwa na kona kona. Na impela haitaki kona."

Balbina akacheka. Kicheko kirefu, cha kutoka tumboni.

Marselino alikuwa ameinama chini ya meza akitafuta ufunguo. Akabaki kule chini. Kicheko kile alikuwa hajakisikia siku nyingi, na sasa kimetoka, kimekwenda Dar es Salaam kwa mwanamume wa machungwa.

"Huyo ni nani anayekufundisha kumenya machungwa?" akauliza alipotoka. "Kwenu hamkuwa na michungwa?"

"Ni Emanuel, wa mashine."

"Emanuel tu? Hana hata jina la baba?"

Balbina akarudi kwenye kompyuta yake.

Tangu siku hiyo machungwa hayakuliwa nyumba ile. Marselino hakumjua Emanuel hata kidogo, lakini kichwani alimtengeneza mzimamzima kwa ufundi zaidi kuliko shafti yoyote aliyowahi kutoa: mrefu, shati limepigwa pasi, kucha safi zisizo na grisi, marashi ya bei. Kila ujumbe ulipoingia, yeye alikuwa na kazi karibu na simu. Alianza kubadilisha ovaroli kila siku. Akanunua dawa ya kupaka mvi, akaipaka, akasimama kwenye joto la Ifakara akikereza, na dawa ikamshukia shingoni na jasho, nyeusi tii. Balbina alichukua kitambaa akamfuta shingo taratibu, hakuuliza neno. Ukweli ni kwamba Marselino angependa aulizwe. Lakini mwanamume wa umri wake ataanzaje kusema kwamba ananyimwa usingizi na sauti ya kwenye simu? Wivu ni kidonda, na yeye alikuwa anakonda waziwazi, mpaka wateja wakadhani ana malaria.

Balbina alikuwa ameshakubali moyoni mashine ya Emanuel. Lililobaki lilikuwa umeme tu. Akampa mumewe namba, akasema, "Umeme ni mambo yako, Baba Frida. Ongea naye mwenyewe, ukiridhika tumalize."

Marselino akatoka hadi nyuma ya karakana, akapiga. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Sauti ikasema, "Shikamoo mzee wangu," kwa adabu yote, na adabu ile ikamuudhi zaidi. Emanuel akauliza maswali machache ya maana kuhusu umeme wao wa fezi tatu, akasema unatosha kabisa, na nafasi inabaki. Angeishia hapo tungekuwa na habari nyingine leo. Lakini akaongeza, "Dada Balbina ana akili sana, mzee. Una bahati kuwa naye."

Sasa wewe niambie, mtu aliyekonda kwa wivu umwambie neno kama hilo.

Balbina alikuwa uani anapeta mchele. Marselino akasimama mbele yake akasema, "Amesema umeme wetu hautoshi. Tukiiwasha tu inaungua."

Ungo ukatulia. "Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hata tukiongeza waya?"

"Hata tukiongeza."

Balbina akachagua chuya mbili tatu kwenye mchele, akazitupa. Angebisha kidogo tu, angesema nipe nimpigie, pengine Marselino angerudi nyuma. Hakubisha. Katika nyumba ile umeme ulikuwa wa Marselino kama michoro ilivyokuwa ya Balbina, na hakuna aliyewahi kuingilia la mwenzake. "Kama ni umeme, basi," akasema, akaanza kupeta tena. Jioni ile Marselino alikula wali na samaki kitoga sahani mbili. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa bahati yao hawakukutana na mtu anayelikataa jembe zuri kwa sababu muuzaji anaongea vizuri.

Mashine ya pili ikaja kwa lori, imefungwa turubai, imejaa vumbi. Wanajumuiya wa kanisani wakaja, wakasali, wakanyunyiza maji ya baraka, wakapewa soda. Siku iliyofuata akaja mzee Seni mwenyewe kuifunga. Marselino alimpokea kwa furaha ambayo hakuna fundi aliyewahi kupokewa nayo, maana kila alichokiona kilimridhisha: Msukuma wa makamo ya babu, anachechemea, meno yamebaki ya kuhesabu, ovaroli chafu kuliko ya mwenye nyumba.

Lakini yule mzee asiyependa simu, ukimweka mbele ya mashine, anaongea kama redio. Alimwonyesha Balbina meza inavyoinama na kujifunga, akamwonyesha namna ya kuitafuta sifuri ya kipande, pale kisu kinapoanzia kuhesabu, akamsimulia alivyowahi kuivunja ncha ya kisu siku ya kwanza ya kazi na kuificha kwenye soksi. Balbina akacheka. Kile kile. Kirefu, cha kutoka tumboni, huku ameshika ubavu.

Marselino alisimama na spana mkononi, anamtazama mzee Seni na mkewe. Akatafuta cha kuonea wivu hapo, akakosa. Ndipo akaelewa kwamba kicheko kile hakikuwa cha Emanuel hata siku moja. Kilikuwa cha chuma. Yeyote aliyemfungulia Balbina mlango mmoja zaidi wa kazi ile alikuwa anakipata, hata kama ni kibogoyo, na yeye Marselino alikuwa amekipata zamani kwa sababu hiyo hiyo. Ungedhani moyo ungepoa. Ulimwuma zaidi, maana sasa alijua amenunua nini na kwa nini.

Naye mzee Seni, bila ubaya wowote, akapima umeme ukutani, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Umeme mnao wa kutosha hapa," akasema huku anatafuta bisibisi. "Hata ile nyingine ya wenzetu, kubwa kuliko hii, ingekaa."

Vidole vya Balbina vilisimama juu ya vitufe. Hakugeuka. "Sawa, mzee," akasema. "Tuendelee."

Impela ya kwanza ilitoka na kona kona, kama ilivyosemwa. Kila panga lilikuwa na ngazi ndogo ndogo pale meza iliposimama, ikajifunga na kuanza upya. Ukitia impela kama hiyo kwenye pampu, maji yanajipiga ndani, na pampu inatetemeka. Balbina alijaribu kisu chembamba zaidi, akapunguza mwendo, ngazi zikapungua lakini hazikuisha. Mkulima wa Michenga alikuwa anasubiri nje na baiskeli. Balbina akafungua kipande, akakibana kwenye jiliwa, akachukua tupa akaanza kusawazisha kwa mkono, panga moja baada ya jingine.

Marselino alisubiri mpaka mkulima alipokwenda kutafuta chakula, akasogea.

"Mama Frida, kuhusu ule umeme."

"Ndiyo."

"Hakusema hivyo."

"Najua. Nimejua tangu mzee Seni."

"Mbona umenyamaza?"

"Nilikuwa nangoja nione utakaa nalo mpaka lini." Tupa haikusimama. "Wivu nilikuwa nauona, Baba Frida. Nani asingeuona, na dawa inakushuka shingoni? Nikadhani utapita wenyewe. Ungeniambia tu, ningekupa simu, ukaongea naye wewe kila siku mpaka uchoke. Mimi nilichokitaka ni mashine."

Marselino akaanza kufagia unga wa chuma chini ya jiliwa.

"Shamba la mama yangu limekwenda," Balbina akasema, "kwa ajili ya mwanamume ambaye mpaka leo sijui sura yake. Tukipishana naye pale stendi, nitampita."

Ndipo tupa ikasimama. Aliiweka mkononi mwa mumewe, akamwonyesha panga lililobaki, akaenda kunawa.

Siku hizi impela zinatoka karakana ile, na wakulima wanazisifu. Mashine anaiendesha Balbina. Ngazi za mapanga anazisawazisha Marselino kwa mkono, kila moja, na hakuna aliyemwambia lini ataacha. Wateja wakimuuliza kwa nini mashine ya kisasa namna hiyo bado inahitaji mtu wa tupa, anawajibu kwamba ndivyo ilivyo. Anapiga tupa vizuri, amenyooka, hainui kichwa. Ila simu ya Balbina ikiita, tupa inasimama kwanza, mpaka asikie ni nani.