Shangazi Mwanaidi Kwenye Benchi la Zahanati

Usiku ule nililala nikiwa nimeshaamua kwamba asubuhi siendi zahanati. Najitolea pale kuwatafsiria viziwi wanapoonana na nesi. Lugha ya alama nimejifunza mwenyewe kwa video za simu, na kila alama huirudia mbele ya kioo mpaka mabega yaume. Asubuhi hiyo alikuwa anakuja Zuhura, kiziwi mwenye mimba ya kwanza. Niliogopa nisije nikakosea maelezo ya dawa nikamdhuru yeye au mtoto. Niliona heri akose mtu kuliko kunipata mimi. Nakiri, wazo hilo lilinipa usingizi mzuri.

Ndotoni nilikuwa jikoni kwa Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, aliyezaliwa kiziwi na kufariki nikiwa bado shule ya msingi. Alikuwa anachambua mchele. Nikamsalimia kwa alama zangu za kwenye video. Akaitazama mikono yangu, akacheka, kisha akaniambia kwa ishara zake za nyumbani, zile zisizofundishwa popote, kwamba mikono yangu imepigwa pasi kama shati, ndiyo maana naogopa kuikunja.

Nikainama kuokota punje zilizomwagika, na tayari tuko zahanati. Shangazi amekaa kwenye benchi, ungo bado uko mapajani. Nesi anauliza shangazi anaumwa nini, lakini swali analielekeza kwa baba, aliyesimama karibu na benchi. Baba anajibu kwamba ni kichwa. Mama mmoja kwenye foleni anasema hapana, huyo ni tumbo, yeye anamjua. Mzee mmoja anasema labda ni njaa tu, na watu wanacheka. Nesi anaandika. Hakuna anayemtazama shangazi, naye ameweka kidole kifuani, hakiondoi.

Mimi namwona. Nimesimama kando natafuta alama sahihi ya kumuuliza kama maumivu yanachoma au yanabana. Nainua mkono, naona kidole gumba kimekaa vibaya, naushusha. Nainua tena. Foleni inasogea. Nesi anamwita mgonjwa mwingine.

Shangazi anainuka, anakuja, ananishika mikono yote miwili. Viganja vyake vina baridi kama maji ya mtungini. Kisha ananiachia na kuniambia kwa ishara, polepole, kama alivyozoea nilipokuwa mdogo:

"Ukikosea, nakushika mkono, unarudia. Usipokuja, nitamshika nani?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Niliamka kumekucha, jirani anafagia uwanja. Nikanawa uso, nikaenda. Kabla nesi hajauliza lolote, nilimwambia Zuhura kwamba mimi hukosea, na kila akiona sieleweki anishike mkono.

Tulikuwa bado kwenye salamu aliponishika.